Kizuka Asiye na Eda

Neno kizuka lina maana mbili katika Kiswahili: kiumbe cha kutisha kinachomtokea mtu ghafla, na mjane aliyekaa eda. Mwanamke anayeutia hofu mji wa Crythin Gifford katika riwaya ya Susan Hill, The Woman in Black (1983), anazibeba zote mbili. Ni mzuka, na amevaa nguo za msiba.

Arthur Kipps, wakili kijana wa London, anatumwa kuhudhuria mazishi ya Bi Alice Drablow na kukusanya hati zake katika nyumba iliyozungukwa na kinamasi, ambayo njia yake hufunikwa maji yanapojaa. Kati ya makaratasi anakuta barua za Jennet Humfrye, nduguye marehemu. Jennet alizaa nje ya ndoa, akalazimishwa kumtoa mwanawe, Nathaniel, alelewe na Alice. Baadaye aliruhusiwa kumwona, kwa sharti kwamba asijitambulishe kuwa ndiye mama. Siku moja gari la farasi lililombeba mtoto likazama kinamasini, naye Jennet akishuhudia kutoka dirishani. Tangu alipokufa mwenyewe, kila anapoonekana, mtoto wa mtu hufa.

Riwaya hii husomwa kama hadithi ya kisasi. Lakini kisasi kina mdaiwa. Kama Jennet alitaka malipo, Alice alikuwapo, tena aliishi hadi uzeeni. Kwa nini basi wafe watoto wa watu wasiomkosea?

Jibu, kwa maoni yangu, limo katika msiba wake kuliko katika hasira yake. Eda ni ya mume, si ya mtoto. Hata hivyo inatufunza kwamba jamii humtambua mfiwa, ikampa miezi 4 na siku 10, kisha ikamrudisha kwa watu. Jennet hakutambuliwa. Mbele ya watu, mama aliyefiwa alikuwa Alice. Msiba usiokaliwa matanga haujui siku ya kuanua, na wasomaji waliopokea habari za kifo kwa simu, ugenini, hawahitaji kuelezwa zaidi. Jennet anageuza kila nyumba kuwa nyumba ya matanga, na mji unamsaidia kwa ukimya wake: Kipps akiuliza, watu hugeuza mazungumzo.

Filamu ya mwaka 2012 iliukwepa ukweli huu. Humo Kipps na mwanawe wanakufa, kisha wanakutana na mama wa mtoto, na mtazamaji anaondoka na faraja. Hill hakutoa faraja hiyo. Kipps wake anafiwa na mwana na mke, anaishi miaka mingi, na mwishowe anaandika.

Hapo ndipo ninapomlaumu mwandishi. Wazazi wawili wamefiwa. Mmoja amepewa riwaya nzima, mwingine barua chache zilizosomwa na wakili. Kipps anazisoma kwa huruma, lakini neno la mwisho ni lake, na katika neno hilo Jennet anabaki kuwa uovu mtupu. Riwaya inayotuonyesha mama aliyenyang'anywa jina lake la umama ilipaswa kumwachia walau sura moja azungumze. Hata hivyo barua zile, kwa uchache wake, zinatosha kumfanya msomaji amwogope Jennet na kumlilia kwa wakati mmoja.