Nafasi Kati ya L na A

Jina KALANGALALA lina herufi 11, lakini zilizo tofauti ni 5 tu: K, A, L, N na G. A imejirudia mara 5, L mara 3. Liandike kwa herufi kubwa nene zisizo na vikia, zile za mstari mnyoofu na duara ambazo wenye maduka na kampuni huzipenda kwenye mabango, na shida itajitokeza yenyewe. Kila L inapofuatwa na A, juu yake hubaki uwazi mkubwa, maana L haina kitu upande wa juu kulia na A imelalia pembeni. Ukizipanga herufi kwa rula, jina hili la kata ya mjini Geita husomeka KAL ANGAL AL A. Huwezi kuzisogeza pamoja pia, kwa kuwa chini miguu yao itagongana. Fundi hodari huufupisha mguu wa L, kisha huzipa pumzi N na G ili lile pengo lisionekane peke yake. Ndiyo maana nasema ustadi wa herufi nene hupimwa kwenye weupe unaoachwa.

Wapo wanaozidharau: duara, pembetatu, mistari, nani asiyeweza? Hata fonti ya Futura ya Mjerumani Paul Renner, iliyotoka mwaka 1927 na kuzaa ndugu wengi wa aina hii, kwa haraka huonekana kazi ya bikari. Wachimbaji wadogo wa Geita huliita shimo la dhahabu duara hata kama mdomo wake una pembe nne, na O nene nayo ni duara la namna hiyo. Jicho huuona mstari wa kulala kuwa mnene kuliko wa kusimama, hata ikilingana, hivyo O hupunguzwa mwili juu na chini. Tena huachwa ivuke mstari kidogo, la sivyo itaonekana kibete kando ya L. Tundu la A nalo huziba unene ukizidi, kwa hiyo mikono yake hukondeshwa inapokutana. Bikari haijui hayo.

Hoja nzito zaidi ni kwamba kompyuta imemaliza kazi hii: chagua fonti, chapa flexi, tundika. Lakini nafasi za fonti nyingi zilipimwa kwa maneno ya lugha nyingine, na Kiswahili kina tabia zake. Chukua TUNANUNUA, neno la biashara ya dhahabu: U 3, N 3, nguzo zimesimama kama ua wa miti. Hilo linataka kufunguliwa, kinyume kabisa na KALANGALALA. Programu haiufupishi mguu wa L. Mtu mwenye brashi, au anayejua kuigeuza herufi kuwa umbo kwenye kompyuta, ndiye aufupishaye. Wanaosema herufi hizi ni za kigeni waangalie kanga: ujumbe wake huchapwa kwa herufi kubwa, usomwe mgongoni mwa mtu anayetembea. Bango la barabarani, lenye vumbi, likisomwa na abiria wa basi linalopita, linahitaji herufi za aina hiyohiyo.

Ukipita Kalangalala, simama mbele ya bango lenye jina hilo, uitazame L ya mwisho. Ukikuta mguu wake umefupishwa, ujue kuna mtu aliyeifikiria.