Mkutano Usioonekana Jukwaani: Kilio cha Haki na Chama cha Wahadhiri

Wahakiki wengi waliokwisha kuandika juu ya Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui (1981) wameanzia kwa Lanina na kuishia kwa Lanina. Lanina mwanamke jasiri, Lanina mtetezi wa wanyonge, Lanina anayepinga ukoloni na ubabe wa wanaume kwa pamoja. Insha za namna hii nimezisoma tangu sekondari na sina ugomvi na ukweli wake. Ugomvi wangu ni kwamba zinamsoma Lanina kana kwamba alikuwa peke yake katika lile shamba la Delamon. Mimi nataka kuisoma tamthilia hii kama tamthilia ya chama cha wafanyakazi, na nitathubutu kusema kwamba chama kinachozungumziwa si cha vibarua wa shambani peke yao. Wako watu wengine nyuma ya pazia ambao hawamo kabisa katika orodha ya wahusika, nao ni wahadhiri.

Hebu tukumbushane mambo yalivyokwenda. Mwisho wa mwaka 1977 Ngugi wa Thiong'o alikamatwa baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, alioutunga na Ngugi wa Mirii, kuchezwa Kamiriithu. Alifunguliwa Desemba 1978 lakini Chuo Kikuu cha Nairobi hakikumrudishia kazi yake. Chama cha wafanyakazi wa chuo kikaishika kesi hiyo na hakikutaka kuiachilia. Mwaka 1980 serikali ya Moi ikakipiga marufuku, pamoja na chama cha watumishi wa serikali. Mwaka uliofuata ndipo Kilio cha Haki, kazi ya mtu aliyekuwa mhadhiri, ilipochapishwa. Na mwaka 1982 mwandishi huyo akatiwa kizuizini, kama walivyotiwa wahadhiri wengine, akiwamo Willy Mutunga aliyekuwa katibu mkuu wa chama kile kilichofutwa.

Sasa msomaji atajiuliza: mhadhiri anayeandika mwaka mmoja tu baada ya chama cha wahadhiri kufutwa, kwa nini akaandike juu ya vibarua na mlowezi? Jibu la haraka ni kwamba alijificha. Jina Delamon linamkumbusha kila Mkenya Delamere, na ukimwekea mkoloni makosa, dola ya baada ya uhuru haitaona kwamba inasemwa. (Iliona. Kizuizi cha 1982 ni uthibitisho kwamba serikali wakati mwingine husoma fasihi kwa makini kuliko sisi wanafunzi wake.) Lakini jibu hili halinitoshi. Naona kuna sababu ya pili, na hii inawahusu wahadhiri wetu hadi leo: katika fasihi yetu ya kimapinduzi, mfanyakazi ni mtu mwenye jembe au mashine. Mwenye chaki si mfanyakazi, ni mshirika wa mfanyakazi. Anamhurumia, anamwamsha, anamwandikia. Kwa hiyo hata mhadhiri aliyenyang'anywa chama chake anapotaka kusema juu ya chama, inambidi aazime ovaroli.

Tuangalie basi chama kinavyochorwa. Ngugi ametupa mifano miwili maarufu. Katika Petals of Blood (1977), Karega, mwalimu aliyegeuka mwanachama na mwandalizi wa wafanyakazi wa kiwanda cha Theng'eta, anakuja kukamatwa asubuhi baada ya mkutano wa kamati ya chama uliokesha usiku kucha. Usiku kucha! Watu walibishana nini humo? Nani alitaka mgomo na nani aliogopa? Nani alisema watoto wangu watakula nini? Hatuambiwi. Mkutano unatajwa kwa kupita, polisi wanabisha mlango, na riwaya inaendelea na Karega. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982, Muturi anakwenda Njeruca kuwaita watu na watu wanakuja. Wanaitwa, wanakuja. Nimewahi kuwa katibu wa kikundi cha wanafunzi kumi na wanane, na naapa sijawahi kuona binadamu wanaoitikia mwito namna hiyo.

Mhadhiri mmoja aliniambia kwamba riwaya si kumbukumbu za mkutano, na kwamba hakuna tamthilia iliyowahi kupigiwa makofi kwa sababu ya "yatokanayo" na "mengineyo". Ni kweli, lakini Ebrahim Hussein alikwisha kutuonyesha katika Kinjeketile (1969) kwamba mabishano ya ndani yanaweza kubeba mchezo mzima. Kule kiongozi anataka watu wasubiri, Kitunda anawafunza vita, na wapiganaji hawasubiri. Imani aliyoipanda kiongozi inakuwa mali ya wanaomfuata na yeye hana tena uwezo wa kuirudisha mfukoni. Hilo ndilo swali la utawala wa ndani wa kila chama, na Hussein amelifanya damu na nyama.

Mazrui yuko katikati ya hawa wawili, na hapa ndipo ninapoachana na wahakiki wa "mwanamke jasiri". Sehemu yenye uhai zaidi katika Kilio cha Haki, kwangu mimi, si pale Lanina anapomkabili mlowezi. Delamon ni mhusika bapa. Ukishaujua msimamo wake hakushangazi tena. Uhai uko kwa wanaume wanaofanya kazi naye, wale wanaotilia shaka kama mwanamke anafaa kuwaongoza. Kwa kawaida tunawasoma hawa kama mfano wa mfumo dume na kuwafunga hapo. Lakini ukiwasoma kama wanachama, mambo yanageuka. Hawa ndio mkutano. Wanauliza, kwa njia mbaya na kwa sababu mbaya, swali ambalo ni zuri: nani amekupa haki ya kusema kwa niaba yetu? Na Lanina, kwa sababu ni mwanamke, hawezi kulikwepa swali hilo jinsi Karega na Muturi wanavyolikwepa. Karega anaaminiwa kwa kuwa ni Karega. Lanina inambidi aupate uongozi wake kila siku upya, mbele ya watu wasiopenda kumpa. Mwandishi aliyekiona chama cha wahadhiri kikizimwa kwa tangazo moja alijua, nadhani, kwamba chama kisichobishana chenyewe kwa chenyewe ni rahisi sana kuzimwa.

Historia iliyofuata imenifanya niamini usomaji huu. Mwaka 1993 wahadhiri walianzisha UASU na kuomba usajili. Walinyimwa. Mgomo ulioanza Novemba mwaka huo ukaingia hadi 1994, na viongozi wake, Korwa Adar mwenyekiti na Kilemi Mwiria katibu, wakafukuzwa kazi. Serikali ilifanya alichofanya yule mtunzi anayejua kanuni za utanzu wake: ukimwondoa shujaa, mchezo umekwisha. Na kwa muda ulionekana umekwisha kweli, maana usajili ulikuja mwaka 2003 tu, baada ya Moi kuondoka. Wakati huo Mwiria alikuwa amekwisha kuwa mbunge na waziri msaidizi wa elimu, na Mutunga alikuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2011. Silaumu. Ila fasihi yetu haina hata mhusika mmoja ninayemkumbuka wa namna hiyo, mgomaji aliyeketi baadaye upande wa pili wa meza wahadhiri walipogoma tena mwaka 2006. Tuna msaliti na tuna mwaminifu, basi.

Chama ambacho hakijasajiliwa hakina ada inayokatwa kwenye mshahara. Kinaishi kwa mkono wa mwanachama anayetoa pesa mfukoni akijua kwamba akionekana anatoa anaweza kupoteza kazi. Kila mkutano ni kura. Sasa hivi UASU ni chama halali: kina viongozi wa taifa, kina matawi katika vyuo vikuu vya umma, Katiba ya 2010 inalinda haki yake katika kifungu cha 41, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka uchaguzi angalau mara moja kila miaka mitano. Ada inakatwa na mwajiri mwenyewe. Ushindi mkubwa, hapana ubishi. Lakini tazama kinachotokea kwa ule mkono uliokuwa unatoa: umepumzika. Kiongozi anapata fedha za chama mwanachama awe amehudhuria mkutano ama amelala. Mabishano yanahamia juu, baina ya viongozi wa taifa na jukwaa la mabaraza ya vyuo, na tawi linangojea kusikia kama limegoma au limerudi kazini.

Mgomo wa 2025 niliuishi kama mwanafunzi. Ulianza tarehe 17 Septemba na kusimamishwa tarehe 5 Novemba, siku arobaini na tisa, deni likiwa shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021, na makubaliano yakawa zilipwe kwa awamu mbili. Sisi huku tulikuwa tunaishi kwa fununu. Wahadhiri wawili waliotufunza "fasihi na utabaka" muhula uliotangulia walitwambia kila mmoja habari yake. Wa kwanza alisema tawi lao limekaa na kuamua, wa pili alisema alilisikia redioni kama sisi. Na yule wa tatu, mhadhiri wa muda anayelipwa kwa kozi na ambaye katika chuo changu malipo huchelewa mpaka anasahau alifundisha nini, hakusema kitu. Nilipomwuliza yeye yuko upande gani alicheka tu. Bilioni zile hazikuwa zake. Je, kura ilikuwa yake? Ukimtafuta katika tamthilia zetu za migomo humpati, wala kwa Mazrui hayumo. Yeye si Delamon, si Lanina, si hata wale wanaume wanaonung'unika, kwa kuwa wale angalau wanajua kwamba mkutano ni wao.

Kuna wenzangu darasani watakaosema ninaipunguza tamthilia ya ukombozi kuwa kijitabu cha kanuni za chama. La. Naikataa tu ile tabia ya kugawa alama kwa "ujasiri" na kuacha swali la idhini. Mwanafunzi akiandika kwenye mtihani kwamba Lanina ni jasiri anapata alama mbili. Akiandika kwamba Lanina hakupewa idhini na kila mtu, na kwamba mvutano huo ndio mhimili wa mchezo, anaulizwa ametoa wapi. Ametoa kwenye kitabu, mwalimu, na pia kwenye notisi iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi yako.

Nasikia kikundi chetu cha maigizo kinafikiria kuicheza Kilio cha Haki muhula ujao. Kama wataicheza, ombi langu kwa mwelekezi ni dogo. Wale wanaume wanapombishia Lanina, asiwafanye vichekesho vya kuchekesha ukumbi, na asimweke Lanina juu ya kijukwaa huku taa zote zikimwangazia. Awaketishe wote chini, taa iwe moja, sauti zipishane, na awape muda mrefu kuliko tuliozoea. Wahadhiri waalikwe, viti vya mbele viwe vyao, na wale wa muda wasisahauliwe.