Nyumba ya Mkalimani: Kumbukumbu za Wanafunzi wa Zamani wa Alliance na Suala la Lugha

Shule ya Sekondari ya Alliance ilifunguliwa huko Kikuyu mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti, na ushirikiano huo ndio uliyoipa jina. Kwa muda mrefu mazao yake yalihesabiwa kwa vyeo: mawaziri, majaji, makatibu wakuu, wakuu wa vyuo. Katika karne hii wanafunzi wake wa zamani wamezaa zao jingine, nalo ni kitabu cha kumbukumbu. Duncan Ndegwa, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Kenya tangu 1967 hadi 1982, alitoa *Walking in Kenyatta Struggles* mwaka 2006. Mwanahistoria Benjamin Kipkorir alimfuata mwaka 2009 kwa *Descent from Cherang'any Hills*. Mwaka 2012 Ngũgĩ wa Thiong'o alichapisha *In the House of the Interpreter*, kitabu ambacho karibu chote kinahusu miaka yake minne shuleni hapo, 1955 hadi 1958.

Watunzi hawa hawafanani kwa itikadi wala kwa kazi walizofanya. Mmoja alikaa katika kiini cha serikali ya Kenyatta. Mwingine alitiwa kizuizini na serikali hiyo hiyo. Hata hivyo, wote watatu wameyaandika maisha yao kwa Kiingereza. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba wahakiki hulipita kama apitaye jiwe la njiani. Lakini kwa idara inayofundisha lugha za Kiafrika hilo ndilo swali la kwanza. Je, mtoto aliyelelewa kwa Kimarakwet au Kigikuyu, akafundishwa na Waingereza, anapoyakumbuka malezi hayo akiwa mzee, humsimulia nani?

Kitabu cha Ndegwa kina thamani kubwa kwa mwanafunzi wa historia ya utawala, ila kwa msomaji wa fasihi hakina mengi ya kumkalisha kitako. Shule imo humo kama ngazi: mtu huikanyaga ili apande, naye akishafika juu hana haja ya kutazama nyuma. Kipkorir ni mtu wa namna nyingine. Kabla ya kuandika kumbukumbu zake alikuwa ameichunguza shule hiyo kitaalamu. Tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Cambridge ya mwaka 1969 ilihusu Alliance na chimbuko la tabaka la wasomi wa Kenya, na katika kitabu alichokihariri mwaka 1980 juu ya ubeberu na ushirikiano wa wenyeji na wakoloni aliingiza insha kuhusu Carey Francis, mwalimu mkuu wa shule hiyo tangu 1940 hadi 1962. Kwa hiyo Kipkorir ameieleza nyumba ile ile akiwa mtafiti na akiwa mwana wa nyumba. Msomaji atakayezisoma kazi hizo kwa kufuatana ataona kwamba maswali makali zaidi yamo katika kazi za ujanani. Uzee una haki ya kusamehe. Mhakiki naye ana haki ya kuuliza ni nini kilichosamehewa.

Msamaha wa namna hiyo umedhihirika zaidi kwa Ngũgĩ. Katika riwaya zake za mwanzo shule ya misheni huitwa Siriana. Katika *The River Between* na *Weep Not, Child*, Siriana ni tumaini lenye kasoro. Ifikapo *Petals of Blood* ya mwaka 1977, Siriana imegeuka uwanja wa migomo, na mwalimu mkuu wake, Cambridge Fraudsham, amechorwa kwa kejeli isiyo na huruma. Wahakiki wengi wamemwona Carey Francis nyuma ya sura hiyo. Miaka 35 baadaye, katika kitabu cha kumbukumbu, Francis anaonekana tena kwa jina lake mwenyewe, naye si kikaragosi. Ni mtu mkali, mcha Mungu, mwenye kuamini dola ya Kiingereza na papo hapo mwenye kuwatendea haki vijana anaowalea. Ubishi uliopo ndani ya mtu huyo mmoja ndio unaokipa kitabu uhai. Riwaya ilikuwa na hukumu. Kumbukumbu zina ushahidi, na ushahidi una tabia ya kumlegeza hakimu.

Nguvu ya kitabu hiki iko katika mpaka wa shule. Mwaka 1955, baada ya muhula wa kwanza, Ngũgĩ anarudi kwao Limuru na kukuta kijiji hakipo. Nyumba zimevunjwa na watu wamehamishiwa Kamĩrĩthũ, katika mojawapo ya vijiji vilivyoundwa kwa amri wakati wa Hali ya Hatari. Kaka yake, Good Wallace, yuko msituni pamoja na wapiganaji. Kijana mwenye sare ya shule bora kuliko zote za Waafrika nchini hana pa kupeleka sanduku lake. Tangu hapo shule inakuwa hifadhi, na nje ya lango mnasikika, kwa taswira anayoirudia mtunzi, mbwa wa msako. Ndani ya lango wavulana wanaigiza Shakespeare. Mtunzi hahitaji kuhubiri. Kuviweka viwili hivyo kando kwa kando kunatosha. Anayejua historia ya Kamĩrĩthũ atakumbuka pia kwamba ni hapo hapo, mwaka 1977, ambapo *Ngaahika Ndeenda* iliigizwa kwa Kigikuyu, na kwamba kabla mwaka huo haujaisha mtunzi wake alikuwa amekamatwa. Kijiji kilichoundwa ili kuwanyamazisha watu kilikuja kuwa jukwaa lao.

Hapa ndipo suala la lugha linapokaza. Katika *Decolonising the Mind* ya mwaka 1986 Ngũgĩ alieleza jinsi mtoto aliyefumwa akisema Kigikuyu shuleni alivyoadhibiwa na kuaibishwa, na jinsi Kiingereza kilivyokuwa mlango wa pekee wa kuingilia shule kama Alliance. Humo aliaga Kiingereza, akaahidi kwamba tangu hapo angeandika kwa Kigikuyu na Kiswahili. Upande wa Kigikuyu, ahadi ilitimizwa katika riwaya: *Mũrogi wa Kagogo* peke yake ni ushahidi usiopingika. Lakini kumbukumbu zake, kuanzia *Dreams in a Time of War* ya mwaka 2010, ziliandikwa kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, mtunzi alipobuni alibuni kwa lugha ya mama, na alipomkumbuka mama alimkumbuka kwa lugha ya shule. Katika kitabu cha 2010 mamaye, Wanjikũ, ndiye aliyempeleka shule kwa agano la kutolalamikia njaa wala shida, na kila alipopata alama nzuri alimuuliza kama huo ndio ulikuwa ukomo wa jitihada yake. Swali hilo liliulizwa kwa Kigikuyu. Kwa namna lilivyoandikwa, mwulizaji mwenyewe asingeweza kulisoma.

Wapo watakaomtetea kwa kusema kwamba aliishi ng'ambo miaka mingi, kwamba wachapishaji wa kumbukumbu wako London na New York, na kwamba msomaji wa Kenya mwenye uwezo wa kununua kitabu ndiye yule yule asomaye Kiingereza. Hoja hizo ni kweli, lakini ni hoja za soko, na Ngũgĩ wa 1986 alikwisha zikataa. Utetezi wenye uzito zaidi ni wa kifani. Jina la kitabu limetoka kwa Bunyan, ambaye katika hadithi yake msafiri huingia nyumba ya Mkalimani na kuonyeshwa mambo yaliyofichika. Shule ya Francis ilijiona kuwa nyumba hiyo. Kuisimulia kwa Kiingereza ni kumfanya msomaji asikie sauti ile ile iliyotawala madarasa na kanisa. Huenda ndiyo sababu maneno ya Francis yana uzito mwingi kitabuni, ilhali watu wa kijijini wanasikika kwa mbali, kana kwamba mtu kawasimulia kutoka ng'ambo ya bonde. Kinachoonekana kuwa udhaifu wa kitabu ni picha sahihi ya kazi iliyofanywa na shule.

Hata hivyo njia nyingine ilikuwapo, na aliyeipita alikuwa naye mwanafunzi wa Alliance. Gakaara wa Wanjaũ aliingia shuleni hapo mwishoni mwa miaka ya 1930, akafukuzwa kufuatia mgomo wa wanafunzi. Akaandika na kuchapisha kwa Kigikuyu, akakamatwa mwaka 1952, na mojawapo ya kambi alizozuiliwa ilikuwa kisiwani Manda, hatua chache kutoka Lamu ya washairi. Maandishi aliyoyahifadhi kizuizini yalitoka mwaka 1983 kwa jina *Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ*, yakapata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Tafsiri ya Kiingereza ilifuata baadaye, mwaka 1988. Huwezi kusema kwamba kufukuzwa ndiko kulikomwokoa. Lakini katika vitabu vinavyojadiliwa hapa, aliyekuja kuyaandika mateso yake kwa lugha ya watu wake ni yule ambaye shule haikupata nafasi ya kummaliza.

Wala Kiswahili hakiwezi kudai kwamba hakina mila ya utanzu huu. Shaaban Robert aliandika *Maisha Yangu*. Adam Shafi akatoa *Mbali na Nyumbani* mwaka 2013. Ken Walibora, *Nasikia Sauti ya Mama*. Walibora hasa ameonyesha kwamba shule, umaskini na mama aliyefariki vinaweza kusimuliwa kwa Kiswahili cha Kenya bila kuazima sauti ya mtu.

Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025, na ile nusu ya ahadi iliyohusu Kiswahili sasa iko mikononi mwa watafsiri, kama ilivyokuwa kwa *Shetani Msalabani* mwaka 1982. Atakayeishika *In the House of the Interpreter* hatatatizwa na Kamĩrĩthũ wala Wanjikũ. Hao watazungumza Kiswahili kwa urahisi. Mtihani utakuwa Carey Francis. Akisemeshwa Kiswahili cha misheni, cha Biblia na vitabu vya nyimbo, atachekesha, na tutarudi kwa Fraudsham. Akisemeshwa Kiswahili sanifu cha gazeti, atakuwa mwalimu mkuu yeyote wa Kenya ya leo, na umbali kati ya lango la shule na kijiji kilichobomolewa utatoweka.