Tabaka za Sauti na Suala la Fanani: Kinanda katika Wimbo wa Kisukuma wa Shinyanga na Geita

Makala hii inahakiki nafasi ya kinanda cha umeme katika nyimbo za Kisukuma za harusi, sherehe na kwaya mkoani Shinyanga na katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Mpigaji hutandaza sauti mbili chini ya kidole kimoja: sauti ya ala halisi iliyorekodiwa, na sauti sanisi iliyoundwa ndani ya chombo chenyewe. Hoja kuu ni kwamba utandazaji huo ni utendaji wa kifasihi. Uhakiki unaonukuu maneno peke yake humwacha nje fanani mmoja.

Mulokozi (1989) anaiona fasihi simulizi kuwa tukio linalotawaliwa na fanani, hadhira, fani, tukio lenyewe, mahali na wakati. Bugobogobo, ngoma ya jembe ya Wasukuma, inathibitisha mtazamo huo: mdundo na majembe huongozana. Sauti iliyorekodiwa inauweka mtazamo huo majaribuni. Pigo lililonaswa mara moja, mahali pamoja, huitwa popote na wakati wowote. Je, tukio limebaki wapi?

Jibu limo katika namna tabaka zinavyogawana kazi. Sikio huitambua ala kwa kiasi kikubwa kupitia mshindo wake wa mwanzo. Kinanda cha Roland D-50 cha mwaka 1987 kilijengwa juu ya ukweli huo: kwa kuwa kumbukumbu ya kielektroniki ilikuwa ghali, kilihifadhi vipande vifupi vya ala halisi, na sauti sanisi ikabeba mvumo uliofuata. Kwa ufupi, tabaka la kwanza huipa sauti jina, la pili huipa pumzi.

Mgawanyo huu una uzito wa pekee Geita, ambako migodi imekusanya watu wa makabila mengi. Msikilizaji asiyejua Kisukuma hupokea mshindo unaofanana na wa zeze kama tangazo la Usukuma kabla hajaelewa neno lolote. Kwa anayekijua, hali ni tofauti. Kisukuma ni lugha ya toni, na mvumo mzito unaoandamana na sauti ya kiongozi unaweza kuzifunika tofauti za toni ambazo maana huzitegemea.

Hapo ndipo ustadi wa mpigaji hupimwa. Anaposhusha tabaka sanisi kiongozi akitoa kijembe, mshindo mkavu huliacha neno wazi. Anapolipandisha kwenye kiitikio, mstari uleule hupata uzito mpya. Mhakiki mwenye karatasi tupu ataandika “takriri” na kupita. Kinyume chake, mpigaji anayeacha tabaka zote mbili zivume sawa mwanzo hadi mwisho huziba pengo kati ya mwito na jibu, na waitikiaji hukosa pa kuingilia. Huo ni udhaifu wa kifani, wala si kosa la mashine.

Kwa hiyo, tukio halijatoweka; limehamia katika uamuzi wa mkono unaopandisha na kushusha. Unukuzi wa nyimbo hizi unapaswa kuonyesha, kando ya kila mstari, tabaka lipi linasikika na lipi limenyamazishwa. Bila hivyo, wimbo utakaohifadhiwa utakuwa na kiongozi na waitikiaji, lakini aliyewapa nafasi ya kusikilizana atakuwa amefutwa.