Bango la Vita na Kweli Zake Mbili

Bango la kuandikisha askari lina kweli mbili, na mhakiki hana budi kuzipima zote. Ya kwanza ni kweli ya karatasi: je, lilichapwa wakati linaodaiwa? Ya pili ni kweli ya usemi: je, lilieleza mambo kama yalivyokuwa? Anayeishia kwenye ile ya kwanza amefanya nusu ya kazi.

Tuseme mwalimu wa Mamba, katika milima ya Upare ya Kusini, ameletewa bango kuukuu alitundike darasani. Na aanze kwa kidole. Mkunjo wa kweli hushikika. Mkunjo uliopigwa picha pamoja na bango huonekana kwa macho tu, na karatasi yenyewe ni laini. Karatasi ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, kama ile ya kukagulia noti, nayo iking'aa kwa weupe wa samawati, yaelekea ilitengenezwa baada ya mwaka 1950 hivi, dawa za kung'arisha zilipoanza kutumika viwandani.

Kisha asome maneno. Bango linalodaiwa kuwa la 1916, nalo lataja Tanganyika, lajisuta lenyewe, kwa maana nchi ilipewa jina hilo mwaka 1920. Likiahidi mshahara wa shilingi, shaka yazidi: shilingi ya Afrika ya Mashariki ilianza 1921, na kabla yake fedha ya nchi ilikuwa rupia. Tahajia ya Kiswahili Sanifu nayo ni dalili, kwani Kamati ya Lugha iliyoisanifu iliundwa mwaka 1930. Lakini dalili moja haitoshi kuhukumu.

Hata hivyo, nakala si lazima iwe ghushi. Picha ya Lord Kitchener, aliyoichora Alfred Leete kwa jalada la gazeti la London Opinion la Septemba 1914, imenakiliwa mara nyingi mno. Udanganyifu huanza pale nakala inapouzwa kwa jina la asili.

Sasa tugeukie kweli ya pili. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza walitoa bango la askari wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya, lenye maneno ya Kiingereza ya kuyasifu makoloni kuwa washirika. Karatasi yaweza kuwa halisi kabisa. Lakini mkulima wa Mamba asiyesoma Kiingereza hakuambiwa lolote nalo. Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, na wengi miongoni mwao hawakuvutwa na picha, bali walitakiwa kwa amri iliyopitia kwa majumbe. Tena Januari 1945, vita bado havijaisha, umati wa Wapare uliandamana hadi Same kupinga kodi ya mbiru. Washirika gani hao, wasiosikilizwa hata juu ya kodi yao wenyewe?

Kwa hiyo bango litundikwe, lakini lisitundikwe peke yake. Isaria Kimambo, katika historia yake ya Wapare iliyotoka 1969, aliyategemea sana masimulizi ya wazee. Wengi wa waliopigana wamekwisha kufariki. Waliyowasimulia watoto wao yangalipo. Wanafunzi wayaandike, wayaweke kando ya bango, kisha wapime. Anayelisoma bango la mtawala bila neno la mtawaliwa huandikishwa upya, pasipo kujua.