Usukani na Dashibodi: Uhakiki wa Lugha ya Gari katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Gari lililotumika Japani likishushwa katika bandari ya Mombasa, likavuka Mtwapa kuelekea Kilifi, mara nyingi neno la kwanza analolisikia mmiliki wake mpya kila awashapo injini ni sauti ya mwanamke imwambiayo kwa Kijapani kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mtambo wa kulipia ada katika barabara kuu za Japani. Baina ya Mombasa na Malindi hapana barabara ya ada ya namna hiyo, wala kadi, wala afisa wa kuidai. Sentensi imetimia kisarufi. Ina kiima, ina kiarifu, na imewekwa katika kauli ya kutendwa ili isimlaumu mtu waziwazi. Lakini haina kiashiriwa chochote katika ulimwengu wa anayeisikia. Msemaji yupo, msikilizaji yupo, ujumbe haupo. Dereva huizoea kama alivyouzoea mlio wa bawaba za mlango, na hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu sauti hiyohiyo siku nyingine yumkini ikawa inamwambia jambo la kweli.

Makala haya hayakusudii kufundisha udereva. Yanakusudia kuipima lugha ambayo gari humsemeza nayo mwendeshaji, na lugha ambayo Kiswahili kimeandaa, au hakijaandaa, kuipokea. Sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari kuukuu lililopita miaka 8, na vifaa vya kumsaidia dereva vilienea katika magari ya Japani miaka ya 2010. Subaru ilianza kuutumia mtambo wake wa kamera mbili, uitwao EyeSight, mwaka 2008. Kwa hiyo magari yanayopita leo Vipingo, Gede na Mambrui si yale yaliyokuwa na mishale minne na taa tatu. Hupiga kelele yakikaribia kitu kilicho mbele, huonya yakivuka mstari, na mengine hujifungia breki yenyewe. Maandishi yake, katika magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ni ya Kijapani tu, wala hayabadilishiki.

Katika mjadala wa istilahi, pande mbili zimekuwa zikivutana kwa muda mrefu. Upande mmoja hutaka kila kitu kipewe jina la Kibantu au la asili ya Pwani. Upande wa pili huona kwamba kutohoa kumetosha, na kwamba mwenye kusema "dashibodi", "breki", "gia" na "klachi" ameshasema. Pande zote mbili zimeshughulika na majina. Zimesahau sentensi.

Kuhusu majina, historia ya Pwani ina ushahidi usiohitaji kutafutwa mbali. "Usukani", kutokana na Kiarabu, ulikuwa kwanza wa chombo cha baharini. Mshika usukani alikaa tezi, yaani nyuma, na jahazi likamtii. Gari lilipokuja, neno lilishuka pwani na kupanda barabarani bila kikao wala azimio la mtu yeyote, kwa kuwa kitendo kilikuwa kilekile: mkono unageuza, chombo kinafuata. "Rubani" naye aliacha bahari akapaa na ndege. Maneno mengine hayakubahatika. "Batli", kifaa cha kupimia mwendo wa chombo, kimebaki katika kamusi za zamani, ingawa kazi yake ndiyo kazi ya mshale wa spidi. "Bildi", risasi ya kupimia kina, haikupata pa kwenda. "Dira" ilipandishwa cheo ikapelekwa kwenye mipango ya maendeleo ya serikali, na tangu hapo ni vigumu kuirudisha kwenye kazi ndogo ya kuonyesha kaskazini.

Wanaoona aibu kusema "dashibodi" wangefaa kukumbuka neno hilo lilikotoka. Katika Kiingereza lilikuwa ubao uliowekwa mbele ya kigari cha farasi ili kumkinga mwendeshaji na matope yaliyorushwa na kwato. Farasi wamekwenda, matope yamekwenda, neno limebaki. Waingereza walifanya yaleyale waliyofanya wana wa Pwani kwa usukani. Basi hapana haja ya kulifukuza neno ambalo kila fundi wa Malindi analo kinywani, ili kuweka mahali pake "paneli ya viashiria", jina ambalo sehemu yake ni mkopo vilevile na hakuna alitumiaye gereji.

Sentensi ni jambo jingine. Jina likikosewa, kitu kipo, mtu hukionyesha kwa kidole. Onyo likikosewa hapana kidole cha kulisaidia. Ichukuliwe mifano mitatu ya maonyo ambayo mfasiri yeyote wa kitabu cha gari hana budi kukutana nayo.

Wa kwanza ni onyo la tairi. Mfasiri aliyezoea vitabu vya fizikia ataandika: "Shinikizo la tairi liko chini." Hapana kosa la sarufi hapo, na mwalimu wa sayansi hatakuwa na neno. Lakini katika barabara ya Pwani, kama ilivyo bara, kinachotiwa kwenye gurudumu ni upepo. Mtu huenda kutia upepo, gurudumu huishiwa upepo, na mwenye kupita akiliona limebonyea humpigia kelele mwenzake kwamba hana upepo nyuma. "Shinikizo" humlazimu msomaji kufasiri mara ya pili, kutoka Kiswahili cha darasani hadi Kiswahili chake, huku gari likienda. "Gurudumu la nyuma kushoto lina upepo mdogo" ni refu kidogo, lakini halifasiriwi.

Mfano wa pili ni onyo la gari linapovuka mstari wa barabara bila kuwashwa taa ya kukatia kona. Wepesi wa kufasiri ungeleta "Unaacha njia." Hapa pana mtego. Katika habari za magazeti na redio, gari "lililoacha njia" ni gari lililokwisha kupinduka au kugonga mti. Msemo huo umeganda katika maana ya ajali. Dereva akiambiwa kwamba anaacha njia wakati gurudumu limekanyaga chaki kidogo tu, huenda akaushtua usukani kwa nguvu na kuyaleta yaliyokuwa hayajaja. "Unavuka mstari" latosha, na lina ukweli zaidi, kwa kuwa kamera haijui njia. Inajua mstari tu. Penye rangi iliyofutika, au mchanga uliofunika ukingo wa lami, au barabara inayochimbwa ili ipanuliwe, mtambo huu hauna la kusema, na ukimya wake hauna maana ya kuwa salama.

Mfano wa tatu ndio mzito kuliko yote. Breki za ABS huyazuia magurudumu yasigande wakati dereva anapokanyaga kwa ghafla. Gurudumu likiganda huserereka, na gari haligeuki tena hata usukani ukizungushwa. Kiingereza hutumia kitenzi cha kufunga kwa kuganda huko. Mfasiri afuataye neno kwa neno ataandika "mfumo wa kuzuia kufunga breki". Sasa, kwa Mswahili, kufunga breki ndiko kusimamisha gari. Alifunga breki, yaani alikanyaga, gari likasimama. Basi maneno hayo yanamwambia mnunuzi kwamba gari lake lina chombo cha kumzuia asisimame. Si kosa la kuchekesha tu. Taa ya mtambo huo ikiwaka, mwenye kusoma tafsiri hiyo ana haki ya kudhani kwamba breki zote zimekataa, au kinyume chake, kwamba kizuizi kimeondoka na sasa mambo ni mema. Ukweli ni kwamba breki za kawaida kwa desturi zingali zinafanya kazi, ila ule ulinzi wa kutoganda haupo. "Mtambo wa kuzuia magurudumu yasigande" una maneno matano na hauna utata.

Kuna wanaojibu kwamba maneno ya nini, ikiwa alama za dashibodi ni picha, na picha haina lugha. Jibu hili lina nusu ya ukweli. Alama hizo zimesanifishwa kimataifa, na mpango wa rangi zake ni wa busara: nyekundu ni hatari, simama, manjano ni tahadhari, tafuta fundi, kijani na buluu ni taarifa kwamba kitu fulani kinafanya kazi. Lakini picha nayo ina kwao. Alama ya oili ni kopo la mafuta la fundi wa zamani, lenye mdomo mrefu na tone. Mtu wa Malindi aliyekulia penye wauza kahawa ataona dele. Alama ya upepo wa gurudumu, duara lisilofungika lenye alama ya mshangao ndani, ni chungu kilicho jikoni. Hapana ubaya kwa dele na chungu kuingia garini, mradi maana ipatikane. Ubaya umo katika usemi wa kila siku wa "taa imewaka", ambao huzifuta rangi zote. Taa ya oili, nyekundu, hutaka injini izimwe papo hapo, maana dakika chache zaweza kuiua. Taa ya injini, ya manjano, huweza kufika Kilifi na kurudi. Mwenye kusema "taa imewaka" kwa zote mbili amezisawazisha, na baada ya kuizoea ya manjano ataizoea na nyekundu. Hutokea hata taa yenyewe ikazibwa kwa utepe ili isimkere mteja.

Swali la jina la vifaa hivi kwa jumla, vile vinavyoonya na kujifungia breki, ni swali la ngeli kabla ya kuwa swali la msamiati. Je, viitwe "msaidizi wa dereva"? Msaidizi yumo katika ngeli ya watu. Husemwa "msaidizi ameniambia", "msaidizi alilala". Sarufi yenyewe humpa nafsi, na nafsi hupewa dhamana. Kiswahili cha Kenya kilikwisha kupata njia iliyo bora. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ambazo watu huziita za Michuki kwa jina la waziri wake, zilipolazimisha matatu zifungwe chombo cha kuzuia mwendo wa kupita kilomita 80 kwa saa, chombo hicho kiliitwa "kidhibiti mwendo", na neno likashika. Kipo katika ngeli ya ki-vi. Kikiharibika, kimeharibika, anayeulizwa ni mtu. Kwa mfano huohuo "kionyi" na "kisaidizi" vyafaa kufikiriwa, hata kama masikio bado hayajavizoea.

Na wapo watakaopendekeza "rubani", kwa kuwa Malindi ina rubani aliyeingia katika historia ya dunia. Vasco da Gama alifika Malindi Aprili 1498, akapewa mjuzi wa bahari aliyemvusha hadi Calicut, pwani ya India, kabla ya mwezi wa Mei kwisha. Waandishi wa Kireno walimtaja kwa jina linaloanza na "Malemo", ambalo si jina bali ni cheo: ni muallim, mtaalamu wa uongozi wa chombo, neno lilelile lililotupa mwalimu. Maelezo yaliyoenea kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid yamepingwa na wataalamu kwa hoja nzito, na hayawezi tena kurudiwa kama kwamba ni habari iliyothibiti. Lililo muhimu hapa ni kwamba muallim huyo aliweza kuulizwa. Akisema geuzeni, nahodha aliweza kutaka sababu, naye akataja nyota au upepo. Mtambo wa gari hauna jibu la kutoa. Hufunga breki kwa sababu umeona kivuli, au hauifungi kwa sababu haukumwona ng'ombe. Kuuita rubani ni kuukopesha heshima ya mtu aliyejua bahari nzima, hali wenyewe unajua mstari wa rangi.

Pwani hii imewahi kuona jinsi Kiswahili kinavyoweza kupewa jina na kunyimwa sentensi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei ya angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Jina hilo limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Amri zilizoirusha hazikuwa za Kiswahili, wala hapana aliyetaraji ziwe.

Urefu wa maonyo hautakiwi kupuuzwa na watakaoitwa kuyaandika. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata kiasi cha mita 22 kila sekunde. Onyo la maneno saba, likisomwa kwa sekunde tatu, limekula zaidi ya mita 60 za barabara. Hapo ule urefu wa sentensi ya upepo uliosifiwa juu haudhuru, kwa kuwa tairi linaloishiwa upepo polepole hungoja. Mtu aliyekatiza mbele ya soko la Gede hangoji. Kwa yeye panatakiwa amri ya neno moja au mawili, kama zilivyokuwa amri za chomboni, tweka, tua, ambazo baharia alizitii kabla hajamaliza kuzisikia. "Funga breki" ni maneno mawili, na hakuna dereva kutoka Mtwapa hadi Marafa asiyeyajua.