M. T. Gillies na Mbu wa Nchelenge: Nani Anahesabiwa?

Katika makala haya nahakiki kazi ya M. T. Gillies, mtaalamu wa wadudu aliyetafiti mbu huko Amani na Muheza, Tanganyika, katika miaka ya 1950. Wengi wanamjua kwa kitabu kikubwa cha mwaka 1968 alichoandika pamoja na Botha De Meillon kuhusu Anopheles wa Afrika kusini mwa Sahara. Nitaipima kazi yake kwa kuitazama Nchelenge, wilaya ya Zambia iliyo kwenye mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, ambako malaria haijalegea licha ya vyandarua na upuliziaji wa dawa ukoko. Hoja yangu ni kwamba ubora wa Gillies haukutokana na wingi wa mbu aliowahesabu. Ulitokana na kumhesabu hata mbu ambaye hakuna aliyemuulizia.

Ushahidi wa hoja hii ni makala aliyochapisha mwaka 1960 akishirikiana na A. Smith. Katika mpango wa Pare-Taveta, nyumba zilipuliziwa dieldrini ili kumwondoa Anopheles funestus, mbu anayependa kukaa majumbani. Mbu huyo alitoweka. Mtafiti mwingine angefunga daftari lake hapo. Gillies na Smith waliendelea kuchunguza, wakaona kwamba Anopheles rivulorum, ndugu wa karibu wa funestus, ameongezeka na kushika nafasi iliyoachwa. Kwa hiyo dawa haikuwa imepunguza mbu tu, bali ilikuwa imebadilisha uhusiano kati ya spishi zinazoishi pamoja. Hapa ndipo elimu ya ikolojia ilipoizidi hesabu ya mizoga.

Hata hivyo, kazi hiyo ina pengo. Sisi wanafunzi wa lugha tunajua kwamba jina huelekeza jicho. Kwa Kilatini, funestus maana yake ni wa mauti. Rivulorum maana yake ni wa vijito. Mbu wa vijito hupenda zaidi damu ya mifugo, naye aliwekwa katika kundi la wasio na hatia. Aliongezeka, akahesabiwa, lakini swali la kama anabeba vimelea lilikaa miaka 36. Mwaka 1996 Wilkes, Matola na Charlwood walionyesha, kwa ushahidi kutoka kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwamba rivulorum naye hueneza malaria kwa binadamu. Wilkes huyo ndiye aliyeshirikiana na Gillies katika utafiti wa umri wa mbu uliochapishwa mwaka 1965. Naona kwamba kazi ya mwalimu ilikosolewa kwa njia iliyo bora kuliko zote: mwenzake aliiendeleza.

Sasa tuingie Nchelenge. Mbu waliokusanywa huko mwaka 2012 na 2013 walionyesha kwamba asilimia 80 hadi 85 ni funestus, na waliobaki wengi wao ni Anopheles gambiae. Funestus wa kaskazini mwa Zambia wamejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairethroidi na kabameti. Yaani tumewachuja wenyewe kwa dawa zetu, na waliobaki wamezaa. Kuanzia mwaka 2014 nyumba zilipuliziwa dawa nyingine, pirimifosi-methili. Baada ya miaka mitatu, maambukizi katika maeneo yaliyopuliziwa yalikuwa yamepungua kwa takriban robo wakati wa masika, lakini kiangazi hayakupungua.

Tafiti hizi nazithamini, ila nina swali lile lile la Pare. Mbu hao walikusanywa hasa ndani ya nyumba, kwa mitego ya taa iliyotundikwa karibu na waliolala. Njia hiyo humkamata mbu anayeingia ndani. Lakini Mweru ni ziwa la wavuvi, na chisense, dagaa wa huko, huvuliwa usiku kwa taa. Mtu aliye ndani ya mtumbwi saa sita usiku hana ukuta wa kupuliziwa dawa wala chandarua, na mbu anayemuuma hamo katika jedwali. Tena ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na mbu hajui mpaka.

Huenda nikajibiwa kwamba fedha ni chache, na kwamba ni busara kuanza na mbu aliye wengi. Ni kweli. Lakini Pare ilitufundisha kwamba kumpunguza aliye wengi kunaweza kumfungulia mwingine mlango. Anayeanza na funestus bila kuweka rekodi ya wengine hataweza kujua nani ameingia.

Kwa hiyo Gillies asomwe si kama mwandishi wa kitabu cha kutambulia mbu tu, bali kama mfano wa mtafiti asiyeridhika na jibu la swali alilopewa. Asomwe pia pamoja na Wilkes na Matola, ili tukumbuke kwamba kumhesabu mdudu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza anafanya nini, na anamfanyia nani. Kwa Nchelenge, swali hilo liwafikie wavuvi wakiwa ziwani, si wanapolala tu.